Madumu Matupu kwa Heshima ya Mgeni

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia chumvi, sikulaumu, hata mimi hufanya hivyo. Nitakukumbusha kwa ufupi tulipofika.

Mimi ndiye Mama Ufunguo. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nilipewa na mtaa, siku kamati ya maji iliponivisha shingoni ufunguo wa bomba la wafadhili.

Bomba lilikuwa limekwisha. Kisima kilichimbwa mpaka maji yakapatikana, tangi likapandishwa juu ya nguzo, mafundi wakajaribu, tukaona kwa macho yetu maji yakiruka. Halafu wakafunga koki kwa kufuli. Kisa? Bomba halijazinduliwa. Mgeni rasmi hajaja kukata utepe, na maji ambayo hayajakatiwa utepe, nilielezwa, hayanyweki.

Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Mvua nayo iliahirisha, lakini hiyo tulishaizoea. Tukaendelea kufukua mchanga wa mto uliokauka na kukinga matone kwa kikombe, na kila tukirudi tunapita mbele ya bomba letu jipya, tunaliangalia kwa adabu kama mkwe.

Nami nililinda kweli kweli. Nina mtoto mmoja tu duniani, binti, na alikuwa na mimba ya miezi mikubwa baada ya ile ya kwanza kuharibika. Zahanati yetu haina tone. Mwanamke akienda kujifungua anabeba maji yake kama anavyobeba nguo za mtoto. Mwenyekiti wa kamati akaniambia neno likaniingia: "Uzinduzi ukienda vizuri, awamu ya pili wafadhili watavuta bomba mpaka zahanati." Basi nikakaza uzi. Aliyekuja kunibembeleza nimfungulie japo kikombe, nilimwonyesha njia ya mtoni.

Mzazi mwenzangu unayesoma haya, kaa vizuri. Hapa ndipo nilipoanza kupotea, na nilipotea huku nikipigiwa makofi.

Siku moja kabla ya uzinduzi, Mwenyekiti alituita bombani. Mtaani tunamwita Bwana Itifaki, maana hata akitaka kukohoa anaanza kwa kuwatambua waliohudhuria.

"Kesho mgeni anataka kuona mabadiliko," akasema. "Mabadiliko ni nini? Ni dumu tupu kuwa dumu lililojaa. Kwa hiyo kila nyumba ilete madumu yake yote hapa. Yaoshwe, yapangwe mstari. Matupu."

"Yenye maji je?" akauliza shoga yangu, yule muuza mkaa.

"Yamwagwe."

Shoga yangu akajishika kiuno.

"Mwenyekiti, tumwage maji ili tuletewe maji?"

"Dada, tumia akili. Mtu amepanda ndege kuja kuona shida. Akikuta una maji ndani, si tutaonekana matapeli?"

"Mlete kwangu. Shida ipo, imekaa kwenye kochi, hata haipishi wageni."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu tukaenda kuleta madumu. Ndivyo tulivyo sisi, tunacheka kwanza kisha tunatii.

Mimi nilikuwa na madumu mawili chini ya kitanda, yamejaa, nimeyafunika kwa gunia. Yalikuwa ya mwanangu, ya siku yake. Lakini mtu wa kamati atatoaje amri ambayo haipiti mlangoni kwake? Nikayatoa.

Shoga yangu akanishika mkono. "Hayo yaache. Tumbo la mwanao limeshashuka, huoni?"

"Nesi alisema bado. Na kesho bomba linafunguliwa, nitayajaza hapo hapo."

"Shoga, maji yaliyo ndani ya dumu ni maji. Yaliyo ndani ya hotuba ni mate."

Nikamwona ana wivu na ufunguo wangu.

Na niliyamwaga wapi? Kamati ilikuwa imepanda maua mekundu kuzunguka bomba ili picha zipendeze, nayo jua lilikuwa limeyalaza chini. Nikayanywesha maji ya uzazi wa mwanangu. Yakasimama wima kama askari wa gwaride. Mwenyekiti akasema, "Mnaona? Huyu ndiye mama wa mfano."

Asubuhi nikavaa fulana ya mradi. Kifuani ina tone la maji linalocheka. Nilikuwa najitazama kwenye kioo nikasikia naitwa kutoka chumba cha pili.

"Mama."

"Naam."

"Kitanda kimelowa."

Nikadhani ananitania. Nyumba ile, kitu cha kulowesha kitanda kingetoka wapi?

"Mama, chupa imepasuka."

Sikumbuki tulivyoteremka mpaka zahanati. Nakumbuka tu kucha zake mkononi mwangu, na yeye akisema "pole, mama," kila aliponiumiza. Ndiye mtoto niliyemzaa mimi, anauma huku anaomba radhi.

Nesi alitupokea mlangoni. Alikuwa amekesha, macho mekundu.

"Mlaze pale. Maji yako wapi?"

"Nesi mwanangu, leo ni uzinduzi. Maji yanakuja."

"Mtoto naye anakuja. Nani atatangulia?"

"Nesi..."

"Mama, sikatai kumzalisha. Alfajiri nimetoka kumzalisha mwingine. Tazama mikono hii. Tazama kile kitanda, tazama vile vyombo. Nivioshe kwa nini, kwa dua?"

Binti yangu akainua kichwa. "Si tuna madumu mawili chini ya kitanda?"

Wazazi wenzangu, nimewahi kuulizwa maswali na walimu, na wakopeshaji, na mama mkwe. Hakuna swali lililowahi kunitoa mbio kama lile.

"Nayaleta," nikasema. Nikakimbia.

Nikabisha nyumba ya kwanza. Hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, mwenye nyumba alikuwa anajifunga kilemba cha kwendea kwenye sherehe.

"Mama Ufunguo, wewe unatuomba sisi maji? Si jana ulisimama mlangoni kwangu mpaka nikamwaga la mwisho?"

"Mwanangu yuko uchunguni."

Mkono wake ukaganda kwenye kilemba. "Maskini. Lakini kweli, sina hata la kusukutulia. Twende bombani, si una ufunguo?"

Alisema kweli. Ufunguo ulikuwa unanigonga kifuani kila nilipokimbia.

Bombani palikuwa pamependeza kama harusini. Turubai, viti vyenye vitambaa, kipaza sauti kinachopiga miluzi. Madumu ya mtaa mzima yalikuwa kwenye mstari, yanang'aa, makavu. Kwenye koki kulikuwa na utepe mwekundu umefungwa fundo la ua.

Nikakamata dumu la karibu. Mwenyekiti akakamata upande wa pili wa dumu.

"Unafanya nini?"

"Mwanangu anajifungua. Nataka dumu moja."

"Hongera sana. Lakini mgeni yuko njiani, ameshapita darajani. Utafungua kabla ya utepe? Unataka kuua mradi?"

"Dumu moja, Mwenyekiti!"

"Na awamu ya pili? Bomba la zahanati je? Unataka wanawake wengine wapate shida kama anayoipata mwanao?"

Nilisoma mpaka darasa la saba, na pale darasa la saba liliniishia.

Kwenye meza kuu kulikuwa na maji ya chupa, zile ndogo, kila mgeni na yake. Nikanyakua mbili. Akaninyang'anya taratibu, kwa heshima kabisa, akazirudisha zilipokuwa na kuzigeuza maandishi yaelekee mbele.

"Hizo ni za itifaki," akasema.

Honi ikalia. Gari jeupe refu likaingia. Akashuka mgeni rasmi, mfadhili mwenyewe, mama mtu mzima mwenye kofia pana na uso wa huruma. Nyuma yake mpiga picha, na mkalimani wa ofisi ya mradi, bwana mwenye miwani ya jua.

Yule mama alinifuata mimi moja kwa moja. Aliona fulana, akaona ufunguo, akaona machozi. Akaniuliza jambo kwa lugha yake.

"Anauliza unalia nini," akasema mkalimani.

Nikashukuru Mungu. "Mwambie mwanangu yuko zahanati anajifungua, na hana maji. Mwambie namwomba, anikubalie nifungue bomba sasa hivi."

Mkalimani akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa, safari hii bila kumtambua mtu. Mkalimani akasema maneno mafupi.

Mfadhili akaweka mkono kifuani. Akanikumbatia. Macho yake yakajaa machozi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia siku ya leo kwako ni kama siku ya kuzaliwa mtoto."

"Nani amesema *kama*?"

"Mama, ratiba ni ndefu. Mambo ya nyumbani tutayaongea baadaye."

Nikakalishwa kiti cha mbele, karibu na bomba, kama mama wa mfano. Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Akasema hatapoteza muda kwa itifaki, kisha akaitaja itifaki yote, wa mezani, wa kitini, na waliotuma salamu kwamba hawatafika. Akasema maji ni uhai. Tukapiga makofi. Akasema mwanamke ndiye mhanga wa kwanza wa ukame. Tukapiga makofi. Mkalimani akafasiri. Wageni wakapiga makofi.

Ndipo nikasikia. Zahanati iko chini ya mteremko, na upepo ulikuwa unapanda. Sauti ile, hata wangeichanganya na za watoto elfu, mimi ningeitoa.

Shoga yangu akainama sikioni kwangu. "Huyo si mwanao? Au unangoja naye apewe kipaza sauti?"

Nikasimama.

"Mama, bado," akanong'ona Mwenyekiti, kipaza sauti kikalipeleka "bado" lake mpaka mtaa wa pili.

Mkasi ulikuwa kwenye sahani ya mgeni rasmi. Sikuuhitaji. Utepe niliukata kwa meno. Nikafungua kufuli, nikazungusha koki kwa nguvu zangu zote.

Maji yakatoka. Meupe, mengi, yana kelele.

Halafu mfadhili akasimama akaanza kupiga makofi. Alidhani imo kwenye ratiba! Mpiga picha akapiga magoti. Mwenyekiti naye akapiga makofi, akitabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu kipya.

Watu hawakungoja zaidi. Mstari wa madumu ulivurugika, viti vikaanguka, yale maua yakakanyagwa yakawa uji. Nilijaza dumu langu moja, nikajitwika, nikateremka mbio.

Nyuma yangu nikasikia vishindo. Nikajua wanakuja kunikamata. Nikaongeza mwendo, maji yakinimwagikia mgongoni. Mkalimani akanifikia, anahema, miwani mkononi.

"Mama, punguza mwendo! Mfadhili anasema anataka kufuata safari ya maji, aone yanamfikia nani."

"Mwambie ndilo nililokuwa namwambia!"

Basi tukateremka hivyo. Mimi mbele na dumu, mfadhili nyuma ameshika kofia, mpiga picha anakimbia kinyumenyume, Mwenyekiti anajifuta jasho, na gari jeupe linatusindikiza polepole. Aliyetuona kwa mbali alidhani nimeshinda uchaguzi.

Nesi alilipokea dumu bila asante, akaingia, akafunga mlango. Nikakaa chini, mgongo ukutani.

Nikasikia maji yakimiminwa. Nikasikia nesi akisema, "Haya sasa, mwanangu, sukuma." Nikasikia kichanga kikilia.

Nikaachia kigelegele. Mfadhili akanikumbatia tena. Mwenyekiti akapata sauti yake: "Huyu ni mtoto wa mradi!"

Mlango ukafunguliwa. Nesi akanipa kifurushi ndani ya shuka, kifurushi kinacholia, chenye vidole.

"Wa kike. Mama, nyamaza kwanza unisikilize. Kuna mwingine ndani."

"Mwingine nani?"

"Pacha. Amelala kiubavu, hashuki. Na mwanao damu inamtoka, inanitia wasiwasi. Mimi hapa nimefika mwisho. Anatakiwa hospitali kubwa, tena sasa hivi."

"Gari la wagonjwa?"

"Liko nyuma ya jengo, juu ya mawe. Kuku wanatagia humo."

Nikageuka. Gari jeupe lilikuwa pale, limewashwa ili ndani kubaki baridi. Nikamkimbilia dereva.

"Baba, nisaidie. Mwanangu anakufa."

Akashusha kioo kidogo. Alikuwa mtu mwema, nilimwona machoni. "Mama, ningependa. Lakini gari la mradi halibebi asiye wa mradi. Tazama mlangoni, imeandikwa."

"Mimi ni wa mradi!" Nikajipiga kifuani, kwenye lile tone linalocheka.

"Wewe ndiyo. Yeye je?"

Nikamtafuta mkalimani. Alikuwa anasafisha miwani. Mwenyekiti alikuwa anasoma ule mlango wa gari kana kwamba umeandikwa jana.

Nesi ndiye aliyetuokoa na tafsiri. Alitoka na glavu zake, nyekundu mpaka kifundoni, hakuuliza lugha. Alimshika mfadhili mkono, akamwingiza ndani. Mlango haukuwahi hata kufungika. Yule mama akatoka bila kofia, uso umemwisha rangi, akasema neno moja kwa dereva. Sikulielewa, na sikuhitaji kufasiriwa. Dereva aliruka akafungua mlango wa nyuma.

Tulimtoa na godoro lake. Viti vya nyuma vikalazwa. Mwanangu alikuwa mweupe midomoni. Alinitazama, akamtazama mtoto.

"Mama, huyo usimweke chini."

"Simweki."

"Maji yametosha?"

"Yametosha, mwanangu. Yametosha."

Nesi akapanda, akapiga magoti pembeni yake. Nafasi ikaisha. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, nikabaki na mtoto kifuani na lile dumu miguuni, tulilolitoa pamoja na godoro, lina maji kidogo.

Mwenyekiti akanisogelea. "Mama, shukuru. Jikaze, shukuru. Umeona walivyojitoa?"

Mpiga picha naye akasogea, akainama, akafumba jicho moja. Akasema kwa Kiswahili cha kuokotaokota: "Mama. Mtoto hapa. Dumu, ionekane. Sasa cheka kidogo."

Nisikilize vizuri, wewe uliye na binti. Huenda siku moja ukaiona picha hiyo ukutani kwenye ofisi fulani. Mama wa makamo, kichanga, dumu la njano, meno yote nje. Usiseme yule mama alikuwa na raha. Nilifikiri hivi: gari ni lao. Dereva ni wao, simu iko mfukoni mwake. Nikinuna, nikisema nililo nalo moyoni, wakiudhika, wataliita gari lirudi. Na mwanangu yumo.

Nikacheka. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma.

Juu ya kichwa cha mpiga picha niliweza kuona barabara yote, imenyooka kwenye tambarare kavu. Vumbi la gari lilikuwa linakimbia kuelekea darajani. Nikalisindikiza kwa macho, moyoni naliambia, nenda, nenda, usigeuke.

Karibu na daraja vumbi likasimama.

Nikangoja litulie, liinuke tena, liendelee. Likainuka. Lakini gari lilikuwa limegeuka, linakuja huku.

"Usiache kucheka, mama," akasema mpiga picha. "Hii ndiyo nzuri."